Foliki asidi: anza kabla hujashika mimba

Ukingoja kadi ya kliniki ndipo uanze kumeza foliki asidi, vitamini inayosaidia ubongo na uti wa mgongo wa mtoto kuumbika vizuri, kazi yake kubwa imeshapita. Mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba itungwe, wakati mama wengi ndio kwanza wanajiuliza mbona siku zimechelewa. Usipojifunga vizuri, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, ambao mara nyingi huandamana na kichwa kikubwa, au fuvu halikamiliki kabisa.

Kwa hiyo anayepanga kuzaa, au asiyetumia uzazi wa mpango, ameze mikrogramu 400 kila siku, walau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba, mpaka wiki ya 12. Kwenye paketi huenda ikaandikwa 0.4 mg, ni kiasi kilekile. Umeshachelewa? Anza leo hiyohiyo.

Kliniki utapewa kidonge chenye madini chuma na foliki asidi pamoja, ambacho wengi wanakiita cha kuongeza damu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 30 hadi 60 za chuma na 0.4 za foliki asidi kila siku hadi kujifungua. Kabla hujaondoka dirishani, hesabu kama vidonge vitakufikisha hudhurio lijalo.

Makosa mengi yanaanzia duka la dawa. Ukisema tu "naomba foliki", unaweza kupewa kidonge cha 5 mg, zaidi ya mara 12 ya kiasi unachohitaji. Hicho kina watu wake: aliyewahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi, anayetumia dawa za kifafa kama valproeti, mwenye selimundu, na wengine ambao daktari ataamua. (Dawa ya kifafa usiiache mwenyewe kwa kuogopa, nenda ukazungumze naye mapema, kabla ya mimba.) Kwa mama anayemeza SP ya kukinga malaria, dozi kubwa ina tatizo la ziada. SP humzuia kimelea kutengeneza foleti (vitamini ileile ambayo foliki asidi ni aina yake ya kidonge) anayoihitaji ili azaliane, na 5 mg kwa siku hudhoofisha kinga hiyo. Dozi ya 0.4 mg haina shida na SP. Basi soma namba iliyoandikwa, na kama umeandikiwa 5 mg, mwambie muuguzi kabla hajakupa SP.

Kidonge cha chuma kikikuchafua tumbo, kimeze usiku baada ya kula. Chai na kahawa zikae mbali nacho saa moja au mbili, hata chai ya maziwa, kwani huzuia chuma kufyonzwa. Vidonge vya kalsiamu navyo vipe saa yake. Chungwa au embe husaidia. Choo kuwa cheusi ni kawaida. Kikiwa kigumu, ongeza maji, mboga na matunda, usiache dawa. Ukisahau siku moja, endelea kesho na kimoja tu, usifidie kwa viwili. Na ule udongo unaouzwa sokoni kwa wajawazito, uache: hunasa chuma tumboni na unaweza kukuletea minyoo.

Mchicha, kunde na maharage vina foleti, ila mboga ikichemshwa sana na maji yake yakamwagwa, nyingi inapotea. Tanzania na Kenya sheria inataka unga wa viwandani uongezwe foliki asidi. Unaosagwa mashine ya mtaani kwa kawaida hauna. Hata ukila vyote hivyo, kidonge bado unakihitaji.

Vidonge vya chuma viwekwe juu, mahali pakavu, watoto wasipofika. Vichache tu vinaweza kumuua mtoto mdogo. Ukihisi amemeza, mpeleke hospitali mara moja hata kama anacheza vizuri, na ubebe paketi ili wajue ni kiasi gani.