Kumtafuta Babu wa Meli

Mama mkwe wangu ana Biblia ya Kijerumani yenye jalada la ngozi iliyopauka, na kwenye ukurasa wa mwanzo pana majina tisa yaliyoandikwa kwa wino uliogeuka rangi ya chai. Mwanangu wa pili aliponiuliza hao ni akina nani, nilimjibu tulivyozoea kujibu kwetu Tanga: ngoja tuulize wakubwa. Kuuliza huko kumechukua miaka minne, mpaka nikamfikia aliyeshuka melini Philadelphia mwaka 1749. Nyumbani tunamwita Babu wa Meli. Nawaandikia wenzangu mlioolewa au kuoa huku Marekani, ambao watoto wameanza kuwauliza habari za upande ule wa pili.

Usianzie Ujerumani. Anza na wazee walio hai, kisha rudi nyuma kizazi kimoja kimoja, na kila kizazi kiwe na karatasi yake. Sensa itakubeba hadi 1850, maana mwaka huo ndipo walipoanza kuandika majina ya watu huru wote wa nyumba. Kuanzia sensa ya kwanza ya 1790 hadi 1840 utakuta jina la mkuu wa kaya tu, wengine ni tarakimu: wanaume kadhaa, wanawake kadhaa. Hapo ndipo unapohamia kwenye wasia, hati za ardhi, madaftari ya kodi na vitabu vya kanisa. Vingi vimepigwa picha na vinasomeka bure kwenye tovuti ya FamilySearch ukishajisajili.

Ujue na mipaka. Huko Pennsylvania, Kaunti ya Lancaster ilimegwa kutoka Chester mwaka 1729, na Berks ikaundwa 1752 kwa vipande vya Lancaster, Chester na Philadelphia. Mzee anaweza kuwa hakuhama hata hatua moja, na karatasi zake zikawa katika mahakama za kaunti mbili.

Sasa jina, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Karani Mwingereza aliandika alichosikia. Siwezi kumlaumu sana, kwani hata cheti changu cha kuzaliwa kinasema Mwanaawa badala ya Mwanahawa. Ukoo wa mume wangu leo ni Snyder. Nimewakuta wakiwa Schneider, Sneider, Snider, na katika daftari moja la kodi wamekuwa Taylor, kwa sababu Schneider ni mshona nguo na kuna aliyeamua kutafsiri. Zimmermann naye aligeuka Carpenter. Wajerumani wa kusini hawatofautishi sana b na p, wala d na t, kwa hiyo anayemtafuta Bauer apekue na kwenye P. Wanawake waliongezewa -in mwishoni: Schneiderin ni mke au binti wa Schneider, si ukoo mwingine. Halafu usishangae nyumba moja kuwa na Johann Georg, Johann Peter na Johann Adam. Johann hapo ni jina la ubatizo tu, mtoto aliitwa Georg. Lakini akiandikwa Johannes, basi huyo ndiye Johannes mwenyewe, na baadaye utamkuta akiitwa John.

Mimi nilipoteza miezi minane kwa Johannes wa mtu mwingine. Jina lile lile, kaunti ile ile, umri unakaribiana. Nilishamchorea mti mzima wa ukoo na kumwonyesha mama mkwe. Ndipo nikaisoma hati ya kuuza shamba, nikaona mkewe anaitwa Catharina. Wetu, kwa mujibu wa wasia, alikuwa na Barbara. Nilifuta kila kitu, nikaanza upya kwa njia ambayo mama yangu angenifundisha siku ya kwanza kama ningemuuliza. Kwetu mtu akitaja jina lake haitoshi. Unamuuliza ni mtoto wa nani, anakaa mtaa gani, na harusi yake walikuja akina nani.

Kwa hiyo usimtafute mtu mmoja, tafuta kundi lake. Katika vitabu vya Walutheri na Wareformed (Waprotestanti wa mapokeo ya Calvin), kila ubatizo una wasimamizi, na mara nyingi hao ni ndugu, au watu waliotoka kijiji kimoja, au waliosafiri pamoja. Mimi ni Mwislamu, ila nimesoma vitabu vya ubatizo kuliko mashemasi wengi! Andika wasimamizi wote, mashahidi wa wasia wote, na majirani waliopakana na shamba. Majina matatu yalinirudia kila mahali.

Ukiwa na majina hayo, fungua orodha za meli. Tangu 1727, wanaume wageni wa miaka 16 na zaidi waliofika Philadelphia waliapishwa utii kwa mfalme wa Uingereza. Meli moja inaweza kuwa na orodha tatu: ya nahodha, ya kiapo cha utii, na ya kiapo cha kukataa madai ya Papa na ya mtu mwingine kwenye kiti cha ufalme. Strassburger na Hinke walizichapisha mwaka 1934, na moja ya juzuu zao ina nakala za saini zenyewe. Hiyo ndiyo dhahabu. Niliweka saini ya melini kando ya saini ya wasia: S ile ile yenye mkia uliojikunja. Na wawili kati ya majirani wale watatu walikuwa kwenye orodha hiyo hiyo. Asiyejua kuandika alitia alama, karani akamwandikia jina, na hapo saini haitakusaidia. Wanawake na watoto kwa kawaida hawamo.

Tarehe nazo zina mitego. 7ber ni Septemba, si Julai. Na kabla ya 1752 mwaka wa Kiingereza ulianza tarehe 25 Machi, ndiyo maana utaona Februari 1748/49, yaani 1748 kwa hesabu yao, 1749 kwa hesabu ya leo.

Kuvuka bahari bila jina la kijiji ni kupoteza hela. Neno "Palatine", yaani mtu wa jimbo la Pfalz, halitoshi. Waingereza waliwaita hivyo Wajerumani wa kila namna. Kijiji chetu hakikutajwa popote kwenye karatasi za Babu. Kilitajwa kwenye kumbukumbu ya mazishi ya jirani yake: kijiji kimoja cha eneo la Kraichgau, kusini magharibi mwa Ujerumani. Nikalipia Archion, tovuti yenye picha za vitabu vya makanisa ya Kiprotestanti ya Ujerumani, nikazikuta familia zote tatu. Jifunze kwanza Kurrent, mwandiko wa mkono wa Kijerumani cha zamani, ambao e yake utadhani ni n; mimi niliandika orodha yangu ya sokoni kwa mwandiko huo wiki tatu. Neno la kwanza kulisoma bila kuhangaika lilikuwa Schulmeister, mwalimu wa shule, na sisi tuliokwenda shule tunajua neno hilo la shule tulilitoa wapi.

Ukoo wa Barbara bado sijaupata. Kitabu cha ndoa cha kijiji kile kina pengo la miaka sita. Nimerudi kwa wasimamizi wa ubatizo wa watoto wake, nikianza na mwanamke mmoja aliyesimamia mara tatu.