Namna ya Kuipima Sera ya Uchumi: Mfano wa Kikomo cha Riba nchini Kenya

Anayetaka kujua kama sera imefaulu asiridhike kulinganisha hali ya kabla na ya baada, bali aulize hali ingekuwaje kama sera hiyo isingekuwapo. Tujifunze kwa sheria ya Kenya ya mwaka 2016, iliyozikataza benki kutoza riba inayopita riba ya msingi ya Benki Kuu, yaani kiwango cha riba ambacho Benki Kuu hukitangaza, kwa zaidi ya pointi 4 za asilimia.

Anza kwa kuandika lengo la sera na kuliheshimu. Kero ilikuwa ya kweli: wastani wa riba ulikuwa karibu asilimia 18, na wananchi walikuwa wamechoka. Riba ya msingi ilipokuwa asilimia 10, kikomo kikawa 14, hivyo aliyekopa shilingi 100,000 kwa mwaka aliokoa takriban shilingi 4,000. Hesabu hiyo, hata hivyo, inamhusu aliyepata mkopo tu.

Kwa hiyo, keti upande wa pili wa meza na upige hesabu ya mkopeshaji. Tuseme benki inawakopesha wachuuzi 100 wasio na dhamana, kila mmoja shilingi 100,000, na 5 kati yao wanashindwa kulipa kabisa. Kwa riba ya asilimia 18, wale 95 wanaleta riba ya shilingi 1,710,000. Ukitoa hasara ya 500,000, inabaki 1,210,000, yaani asilimia 12.1 ya fedha zilizokopeshwa. Kwa asilimia 14 inabaki 830,000, sawa na asilimia 8.3. Mwaka 2017 dhamana za serikali za mwaka mmoja, yaani hati ambazo serikali huuza ili kukopa fedha, zililipa takriban asilimia 11, bila hofu ya mkopaji kutoroka, hivyo benki inaona afadhali kuikopesha serikali. Mchuuzi aliyekusudiwa kusaidiwa ndiye anayekuwa wa kwanza kuachwa, na mimi naona hapa ndipo watunga sheria walipopaswa kutulia zaidi.

Baada ya hapo chora mwelekeo wa miaka iliyotangulia. Kasi ya kukua kwa mikopo kwa sekta binafsi ilikuwa imeanza kushuka kabla ya sheria, na kuanguka kwa Dubai Bank na Imperial Bank mwaka 2015, kisha Chase Bank mwezi Aprili 2016, kulikuwa kumetia hofu sokoni. Anayeibebesha sheria mzigo wote wa kupungua kwa mikopo anakosea sawa na anayeisafisha kabisa.

Sasa tafuta kundi la kulinganisha ambalo sera haikuligusa. Vyama vya akiba na mikopo havikufungwa na kikomo hicho, hivyo unaweza kulinganisha badiliko la mikopo yao na la benki. Uwe mwangalifu tu, kwa kuwa aliyekataliwa benki anaweza kukimbilia chamani na kulichafua kundi lenyewe. Linganisha pia benki zilizozoea wateja wadogo na zile za makampuni makubwa, kwani kikomo hakikuzibana kwa kiasi kimoja.

Kikomo kiliondolewa Novemba 2019. Usikimbilie kuhesabu mikopo ya 2020 kama matokeo ya kuondolewa kwake, kwa sababu ugonjwa wa korona uliingia nchini Machi mwaka huo; itakubidi utafute tena nani hakuguswa.