Jinsi ya kutumia seti za vifurushi katika Gentoo

Kila programu ambayo mtumiaji wa Gentoo, mfumo wa Linux ambao programu zake hujengwa kutoka msimbo, ameiomba kwa jina huandikwa katika faili moja, /var/lib/portage/world, na Portage, msimamizi wa vifurushi vya mfumo huo, hulisoma faili hilo kila inapobidi kuamua kipi kibaki katika mashine na kipi kiondoke. Baada ya mwaka mmoja au miwili faili hilo huwa orodha ndefu iliyopangwa kwa alfabeti, ambamo kivinjari, kihariri cha picha, mfumo wa printa na kitu kilichowekwa siku moja kwa majaribio vimekaa bega kwa bega, bila alama ya kueleza kipi kiliwekwa kwa ajili ya kazi gani. Dawa yake ni seti, yaani faili dogo la maandishi ambalo unaliandika mwenyewe, lenye majina ya vifurushi vya kazi moja, nalo Portage hulichukua kama kitu kimoja. Kwa aliyeko Uganda, anayejenga programu kutoka msimbo ilhali umeme hukatika na bando huhesabiwa kwa megabaiti, faida ya seti inazidi usafi wa orodha, kwa kuwa humwezesha kuipima na kuipanga kazi kabla ya kuianza.

Zipo seti ambazo Portage huja nazo, na ukiandika emerge --list-sets (emerge ndiyo amri ya kuendesha Portage) utaziona zote. Ile ya @world, inayokusanya vyote ulivyoviomba pamoja na msingi wa mfumo, bila shaka unaijua tayari kutokana na kusasisha mfumo. Hapa tunashughulika na zile za kujitungia.

Tuseme unaandaa kompyuta ya duka la uchapaji pale Nasser Road, Kampala, ambako kadi za harusi, mabango na vitabu vya risiti hutengenezwa mchana kutwa. Ukiwa na mamlaka ya root, tengeneza folda ya seti, kisha ufungue faili lenye jina unalolitaka:

mkdir -p /etc/portage/sets
nano /etc/portage/sets/uchapaji

Ndani yake andika kifurushi kimoja katika kila mstari, jina lake likiwa kamili pamoja na kundi lake:

# Usanifu na uchapishaji
app-office/scribus
media-gfx/gimp
media-gfx/inkscape
net-print/cups
@fonti

Mstari unaoanza na alama ya # ni maelezo yako tu, na inafaa uutumie kueleza sababu ya kifurushi chochote ambacho mwenzako hataelewa kimefuata nini pale. Mstari wa mwisho unaita seti nyingine, kwa maana seti inaweza kubeba seti. Faili la /etc/portage/sets/fonti litakuwa na vifurushi kama media-fonts/dejavu na media-fonts/liberation-fonts, na litatumika pia katika seti ya ofisi bila kuandikwa upya.

Usikimbilie kusakinisha. Anza kwa kuuliza tu:

emerge --pretend --verbose --noreplace @uchapaji

Amri hii haigusi chochote. Inaonyesha vifurushi vyote vitakavyojengwa, pamoja na vile vinavyotegemewa na vya kwako, na mwishoni inataja ukubwa wa mafaili yatakayopakuliwa, kwa hiyo ni busara kuisoma kabla ya kununua bando na si baada yake. Neno --noreplace lina kazi kubwa kuliko linavyoonekana: bila hilo, Portage itajenga upya hata vifurushi vya seti ambavyo tayari vimo katika mashine, na saa nzima za prosesa zitapotea bure.

Idadi ikikuridhisha, tenganisha kupakua na kujenga. Amri ya emerge --fetchonly --noreplace @uchapaji huteremsha msimbo wa vifurushi vyote, pamoja na vitegemezi vyake, na kuuweka katika /var/cache/distfiles. Hii ndiyo kazi ya usiku kwa mwenye bando ya usiku. Ujenzi wenyewe unaweza kufanyika asubuhi bila intaneti kabisa:

emerge --ask --noreplace --keep-going @uchapaji

Neno --keep-going huifanya Portage iendelee na vifurushi vingine hata kimoja kikishindikana. Umeme ukikatika katikati, washa mashine na uandike emerge --resume. Orodha iliyobaki itaendelea, ila kifurushi kilichokuwa kikijengwa wakati giza linaingia kitaanza upya tangu mwanzo. Kwa sababu hiyo sishauri kuchanganya vifurushi vidogo na jitu kama app-office/libreoffice katika seti moja. Kipe seti yake, ukijenge siku ambayo una uhakika wa umeme, au ukichukue kikiwa kimeshajengwa: tangu Desemba 2023 mradi wa Gentoo hutoa vifurushi vingi vilivyo tayari kwa prosesa za amd64 na arm64, na ukishasanidi seva ya vifurushi hivyo, unaongeza neno --getbinpkg tu katika amri yako. Wapo wanaoona kwamba kufanya hivyo ni kuisaliti Gentoo. Kwa umeme wetu, mimi siwaungi mkono.

Seti ikishasakinishwa, jina lake huandikwa katika /var/lib/portage/world_sets, na tangu hapo itasasishwa pamoja na @world. Hata hivyo, kama GIMP ilikuwamo katika faili la world tangu zamani, sasa imeandikwa mahali pawili, na kuifuta katika seti hakutaiondoa. Iondoe kule kwa emerge --deselect media-gfx/gimp, amri ambayo hufuta jina tu na kuiacha programu yenyewe mahali pake.

Kinyume chake kinahitaji uangalifu zaidi. Ukifuta mstari katika faili la seti, kifurushi hicho hakina tena anayekidai, na emerge --depclean itakayofuata itakiondoa, isipokuwa kama kuna kifurushi kingine kinachokitegemea. Anayehariri seti aanze na emerge --pretend --depclean, asome orodha yote, ndipo aitoe idhini.

Duka likiwa na kompyuta kadhaa, hakuna haja ya kila moja kujijengea. Katika mashine yenye nguvu zaidi, ongeza FEATURES="buildpkg" katika /etc/portage/make.conf kabla ya kusakinisha seti, na kila kitakachojengwa kitahifadhiwa pia katika /var/cache/binpkgs. Nakili folda hiyo yote pamoja na mafaili ya seti kwenye flashi, uyapeleke mashine ya pili, kisha uandike humo emerge --usepkg --noreplace @uchapaji. Yapo masharti mawili. Mashine zote ziwe na mipangilio ileile ya USE, yaani uteuzi wa vipengele vya programu vitakavyojengwa, la sivyo Portage itakataa kifurushi na kuanza kukijenga upya; na mashine inayojenga isitumie -march=native, chaguo linaloijenga programu kwa ajili ya prosesa ya mashine hiyo tu, kwa kuwa kompyuta zilizotumika, ambazo ndizo nyingi madukani, huwa za rika tofauti, na programu iliyojengwa kwa ajili ya prosesa mpya inaweza kugoma kabisa katika ile kuukuu.

Siku duka litakapoacha kazi ya usanifu, usitumie --unmerge kwa seti nzima, kwa sababu amri hiyo huondoa vifurushi bila kuangalia nani anavitegemea, na CUPS, yaani mfumo wa printa, inaweza kuwa inahitajika hata kwa barua za kawaida. Tumia hizi mbili kwa mfuatano, na faili la seti ulifute baadaye:

emerge --deselect @uchapaji
emerge --ask --depclean