Somo: Biskuti za oti bila oveni (hatua ya 4 isomeni mara mbili kabla mniulize)

Hakuna wiki inapita bila mtu kuniandikia "biskuti zangu zimekataa kushikana shida ni nini", na nikimuuliza alichemsha muda gani ananiambia "kidogo tu". Sasa naandika mara moja, nikiulizwa tena natuma hii na nanyamaza. Hakuna oveni hapa, hakuna mayai, hakuna unga wa ngano, meko moja ya gesi inatosha, hata jiko la makaa litafanya kazi japo moto wake hauna adabu.

Vitu: sukari kikombe 1, maziwa robo kikombe, majarini robo kikombe (kama gramu 60), kakao vijiko vikubwa 2, siagi ya njugu robo kikombe, oti kikombe 1 na nusu, chumvi kiasi cha kubana na vidole viwili, vanila ukiwa nayo. Utapata vipande kama 15. Oti ziwe zile ndogo za kuiva haraka. Kama uko na zile kubwa bapa, zipondeponde kwanza na kifimbo cha chapati. Zile za punje zilizokatwa tu bila kubanwa achana nazo kabisa, utatafuna hadi taya ziume.

Hatua ya 1. Pima kila kitu kabla ya kuwasha moto. Sinia ipake majarini ama uitandike karatasi ya kuokea.

Hatua ya 2. Sukari, kakao, chumvi, maziwa na majarini vyote ndani ya sufuria nzito.

Hatua ya 3. Moto wa wastani, koroga mpaka mwiko usisikie sukari ikikwaruza chini.

Hatua ya 4. Hapa ndio watu huharibu. Mchanganyiko utaanza kutoa povu pembeni mwa sufuria. HUKO SI KUCHEMKA. Ngoja mpaka katikati kufure, yaani uso wote unatokota na hata ukikoroga hautulii, ndio uanze kuhesabu dakika 1. Hesabu na simu, usihesabu na kichwa, kwa sababu kichwa kikiwa na haraka sekunde 60 zinakuwa 35. Kinachofanyika hapo ni maji ya maziwa kupungua, na sukari ikipoa inaganda na kushika oti. Ukiepua mapema maji yanabaki, utakula na kijiko. Ukizidisha, ukaenda kujibu mtu mlangoni ukarudi baada ya dakika tatu, itakauka kabla hujamaliza kuteka na zote zitavunjika kama udongo wa kiangazi. Alafu sufuria pana hukausha haraka kuliko nyembamba, kwa hivyo usipike kipimo hiki kidogo kwenye ile sufuria ya pilau ya wageni. Ukiwa na wasiwasi angusha tone moja kwenye maji baridi: likikusanyika likawa kidonge laini unachoweza kubonyeza, epua. Likitawanyika, bado.

Na watoto watoke jikoni kwa hiyo dakika. Sukari ya kuchemka ni moto kuliko maji na inanata kwa ngozi. Ikikurukia weka mkono chini ya maji ya bomba dakika 20, na usipake dawa ya meno wala majarini, hata kama shosho alikuambia.

Hatua ya 5. Epua, tia siagi ya njugu na vanila, koroga, mimina oti zote, koroga haraka.

Hatua ya 6. Teka na kijiko panga kwenye sinia. Nusu saa hadi saa moja zitakuwa tayari. Friji si lazima, hata stima ikipotea hakuna hasara.

MASWALI

Wa_Umoja: Naeza weka kwa oveni zikauke haraka?

Jibu: Soma kichwa.

mama_pacha: Kikombe gani hicho, cha chai ama kile cha kupimia?

Jibu: Chochote, bora kiwe kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Mimi natumia cha mililita 250. Usipime sukari na kikombe cha chai alafu oti na kile kikubwa cha uji.

Kijana_Plot10: Bosi nimefuata kila kitu vile umesema na imekuwa uji. Hii resipe haifanyi.

Jibu: Ulichemsha aje?

Kijana_Plot10: Ilipoanza povu nikaepua, pia sukari nilipunguza nusu juu ilikuwa inakaa mingi.

Jibu: Sasa buda hapo umefuata nini? Povu nimeliongelea kwa herufi kubwa. Na sukari ndio gundi, ukiondoa nusu umeondoa nusu ya gundi. Usiirudishe kwa moto, oti zitaiva ziwe uji wa kweli. Ongeza oti kidogo, finyanga vidonge, weka kwa friza, kula zikiwa baridi.

Dada_Thermo: Mimi niko na kipimajoto cha jikoni. Resipe moja ya Marekani inasema digrii 112 ndio kile kidonge laini lakini nikifika hapo zinatoka kavu sana, kwani kipimajoto changu kimekufa?

Jibu: Hapana dada, kiko sawa, na asante kwa kuuliza vizuri. Hizo 112 ni za mtu anayepika karibu na usawa wa bahari. Nairobi tuko karibu mita 1,800 juu, huku maji yanachemka kama digrii 94, si 100, na sukari nayo inashuka vivyo hivyo, kwa hivyo toa kama digrii 6. Epua ikifika 106 hivi. Kabla hujatoa, chemsha maji matupu uangalie chako kinasoma ngapi, ile tofauti kati ya hapo na 100 ndio unatoa. Ndio maana pia maharagwe huku yanamaliza gesi. Ukienda Mombasa rudi kwa 112.

Mpwani_Mgeni: Umetaja Mombasa, mimi niko huku na zikikaa usiku mmoja zinatoa jasho.

Jibu: Ni hewa yenu ndugu yangu, sukari inavuta unyevu. Zikipoa tu zitie kwa mkebe wenye mfuniko wa kubana, usizifunike zikiwa moto. Huko kwenu friji naikubali.

Mwalimu_wa_Saa_Nne: Mamangu ana ugonjwa wa sukari na anapenda hizi vitu. Kuna njia?

Jibu: Hizi za juu usimpe mwalimu, ni sukari tupu. Kuna za tende: loweka tende 12 hivi zilizotolewa kokwa kwenye maji moto dakika 10, chuja, ponda, changanya na kikombe 1 cha oti na vijiko vikubwa 3 vya siagi ya njugu, viringisha. Hakuna kuchemsha. Lakini tende nazo ni tamu, sukari iko ndani, kwa hivyo ni kimoja kidogo na aulize kliniki yake kiasi. Tende Eastleigh utachagua mpaka uchoke, chukua zile laini za kunata. Kuna wenye huviringisha na asali pia, hizo mtoto wa chini ya mwaka mmoja asionjeshwe.

mama_pacha: Oti mbichi hivyo hazitasumbua tumbo?

Jibu: Si mbichi kabisa, kiwandani hupitishwa kwa mvuke ndio zibanwe. Ila kunywa maji.

Wa_Umoja: Siagi ya njugu imepanda bei, nikisaga njugu mwenyewe?

Jibu: Sasa hapo umeuliza swali. Saga, tena inakuwa tamu zaidi. Njugu nenda Nyamakima upimiwe, lakini mwaga kiganjani uangalie moja moja kabla ya kulipa. Zilizokunjamana, zenye rangi ya kijivu ama kijani, ama zinanuka kama stoo iliyofungwa, rudisha. Hiyo kuvu ndio inaleta sumu ya aflatoksini na kuchoma hakuimalizi, usidanganywe na mtu. Nzuri zikaange kwa sufuria kavu moto mdogo mpaka ganda litoke ukisugua, pepeta, saga zikiwa bado na joto. Itakuwa unga kwanza, usitie maji, endelea kusaga mafuta yatatoka yenyewe. Pumzisha blenda katikati isiungue.

Wa_Umoja: Na kama mtoto wa darasa ana mzio wa njugu?

Jibu: Tumia simsim ya kusaga, kipimo kile kile. Ni chungu kidogo, ongeza vanila. Uliza kwanza kama simsim nayo haimdhuru, kuna wenye inawadhuru.

Kijana_Plot10: Nimerudia, dakika moja na simu. Zimeshika. Lakini sufuria imeganda sukari kama simiti, nikwarue na kisu?

Jibu: Wacha kisu. Jaza maji mpaka yafunike hiyo sukari, weka kwa moto ichemke, itayeyuka yenyewe. Na zimeshika juu ya sukari nzima ama nusu?

Kijana_Plot10: Nzima.

Jibu: Ehe.