Jinsi ya kujua ng'ombe wako wa maziwa ako sawa kabla hata hujamgusa

Wafugaji wenzangu wa Ruai, Mwiki, Dagoretti na kwingine hapa Nairobi kwenye ng'ombe anaishi zero grazing, yaani analishiwa ndani bila kutoka malishoni, kwa ploti ndogo, mimi ni vet wa kuzunguka hizo boma, na kila nikifika naonyeshwa mabati mapya na simenti safi, alafu ng'ombe mwenyewe hakuna mtu amemwangalia vizuri. Leo tunaangalia ng'ombe. Beba daftari, vaa gambuti, tenga saa moja.

Hatua ya 1. Enda saa nne ama saa tano asubuhi, wameshakamuliwa na wameshakula. Usiingie. Simama nje kama dakika 15, simu iwe mfukoni, usiongee, juu ukiingia tu wote wanasimama na hesabu yako imeharibika.

Hatua ya 2. Hesabu wangapi wamelala, wangapi wamesimama tu bila kula, wangapi wanacheua. Ng'ombe wa maziwa anataka kulala kama masaa 12 kwa siku. Kwa wale wanapumzika, angalau nusu wawe wanacheua. Chagua mmoja uhesabu anatafuna mara ngapi kabla ameze, inafaa iwe kati ya 50 na 70, ikiwa chini sana ujue majani ya nepia ama hei ni kidogo na deiri mili, ule unga wa dukani, imezidi. Angalia ubavu pia ukipanda na kushuka, akipumua zaidi ya mara 60 kwa dakika na ako kivulini, joto limemlemea ama ni mgonjwa, na kama tezi za chini ya sikio zimefura ita daktari siku hiyo hiyo, inaweza kuwa ndigana, ugonjwa wa kupe, hiyo haingojei kesho.

Hatua ya 3. Hapa nakuomba usikimbie. Angalia vile anaamka. Ng'ombe huinuka nyuma kwanza, anarusha kichwa mbele ndio uzito utoke miguu ya nyuma, matako yanapanda, alafu ndio anasimamisha ya mbele. Hiyo kurusha kichwa inataka nafasi. Kuna mama wa Ruai aliniambia, "Daktari, huyu ni mvivu, anashinda amekaa kama mbwa." Nikachutama kando nikamwangalia. Alijaribu kuinuka, pua ikagonga ubao uliopigiliwa mbele yake, akarudi chini, akajaribu tena, mwisho akainuka na miguu ya mbele kwanza kama farasi, na kwa goti la mguu wa nyuma kulikuwa na kidonda, manyoya yameisha, saizi ya shilingi ishirini. Nikamwambia, "Mama, si uvivu, hana pa kupitisha kichwa." Tukang'oa ule ubao na nyundo hapo hapo. Niliporudi baada ya wiki tatu kidonda kilikuwa kimekauka na ng'ombe alikuwa amelala anacheua, akaniangalia nikipita na hakuamka. Nilifurahi sana siku hiyo.

Alafu piga magoti yako mwenyewe pale analala. Ikikuuma wewe, fikiria yeye na kilo zake karibu 500. Kaa hapo sekunde kumi, suruali ikilowa basi ni pabichi, weka maranda ama majani makavu na utoe mavi kila siku, huo ubichi ndio unaleta mastaitisi, ugonjwa wa kiwele.

Hatua ya 4. Mtoe atembee hatua kumi mahali pako sawa, umpe namba ya mwendo, 1 hadi 5. Mgongo umenyooka akisimama na akitembea, mpe 1. Unapinda akitembea tu, 2. Unapinda hata akisimama, 3. Anachechemea waziwazi, 4. Mguu haukanyagi kabisa, 5. Watu wengi huniita akiwa 4, na angeitiwa mtu akiwa 2 angeteseka kidogo sana. Kwato za zero grazing hazisuguliki, zinarefuka, zikatwe kama mara mbili kwa mwaka.

Hatua ya 5 ni ya haraka. Simama nyuma yake uangalie mifupa ya nyonga na mbavu, ikitokeza sana amekonda. Upande wa kushoto nyuma ya ubavu wa mwisho, pakiwa na shimo refu hajakula vya kutosha leo. Chota maji yake na mkono uyanuse. Najua maji huku ni ya mgao na boza ni pesa, lakini maziwa karibu sehemu tisa kwa kumi ni maji, ukimnyima unajinyima.

Hatua ya 6. Akiwa kwa kihori, anzia mita mbili mbele yake, tembea polepole hatua moja kwa sekunde, mkono umenyoosha mbele, mgongo wa mkono juu, usimkazie macho. Andika alirudisha kichwa ukiwa umbali gani. Akikubali uguse pua, anashikwa vizuri. Kama wote wanaruka ukiwa mita moja, keti na kijana wa kukamua muongee kwa heshima, usimfokee mbele ya watu, muulize kama kuna fimbo inatumika na kama analala vizuri yeye pia, maana kijana amechoka hukamua kwa hasira.

Andika kila kitu na tarehe, jina la kila ng'ombe na namba yake ya mwendo, alafu rudi baada ya wiki mbili, saa ile ile, usimame pale pale nje.