Kupima oksijeni ya mgonjwa wa Korona nyumbani

Wengine hudhani daktari akimrudisha nyumbani mgonjwa wa Korona amempuuza. Hajampuuza, oksijeni ni haba. Mtungi mkubwa wa oksijeni wa lita 6,800, ukitoa lita 10 kwa dakika, haufikishi hata nusu siku. Wodi ikijaa, anaanza aliyezidiwa.

Ukimuuguza nyumbani, tafuta kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni. Mgonjwa akae atulie dakika tano, vidole viwe na joto. Futa rangi ya kucha. Hina nyeusi nayo hudanganya kipimo, basi tumia kidole kisichopakwa. Subiri namba ya oksijeni (SpO2, kwa asilimia) itulie, kama dakika moja, uiandike kwenye daftari pamoja na saa. Usiichanganye na ya mapigo ya moyo. Wengi hukosea hapo.

Ikiwa 94 au zaidi, endelea kupima asubuhi na jioni, hasa siku ya 5 hadi ya 10 tangu dalili zianze. 90 hadi 93, mpigie daktari siku hiyo hiyo. Chini ya 90, au akihema zaidi ya mara 30 kwa dakika, au akichanganyikiwa, mpeleke hospitali mara moja hata akisema hajambo.

Kwenye ngozi nyeusi kipimo huweza kuzidisha namba, kwa hiyo 95 ya mtu anayehema kwa shida usiiamini. Daftari nenda nalo.