Nyumba za Shakespeare mjini Stratford: uanzie wapi

Mjini Stratford-upon-Avon, Uingereza, na kandokando yake kuna nyumba tano zinazohusishwa na William Shakespeare. Zinazojulikana kwa hakika kuwa makazi yake ni mbili tu: ile ya Henley Street, ya wazazi wake, na New Place aliyoinunua mwenyewe. Nyingine ni za mama, mke na binti. Siku ikiwa moja, zipe hizo mbili nafasi ya kwanza.

Kabla ya kununua tiketi, angalia kwenye tovuti ya Shakespeare Birthplace Trust, wanaozitunza, nyumba zipi zitakuwa wazi tarehe yako. Hall's Croft, inayohusishwa na bintiye Susanna na mumewe daktari John Hall, na shamba la mama yake, Mary Arden, kijijini Wilmcote, zimewahi kufungwa kwa vipindi virefu. Tiketi ya Trust haikuingizi kwenye darasa la zamani anakoaminika kusoma, wala haihusiani na kanisa la Holy Trinity alikozikwa, maana hayo yana wasimamizi wake. Wengi hulijua hilo wakiwa tayari mlangoni.

Fika Henley Street mlango unapofunguliwa. Vyumba ni vidogo, na kundi moja la basi la watalii likiingia hutaona kitu zaidi ya migongo. Tenga saa moja na nusu. Chini, tazama karakana ya glavu, kazi ya baba yake John. Uliza pia kuhusu dirisha ambalo wageni wa zamani walikwaruza majina yao kwenye kioo, mwandishi Walter Scott akiwamo. Fremu ya mbao ni ya kale, ila sura ya nje inatokana sana na ukarabati wa karne ya 19, wakati nyumba za ubavuni zilipobomolewa ili moto usirukie hapa. Mbele ya kila samani muulize mhudumu: hii ni ya asili au ni nakala? Wanajua, na hujibu bila kuficha.

New Place ni mwendo mfupi kwa miguu, na hapa ndipo watu huvunjika moyo kwa kutoandaliwa: nyumba haipo. Shakespeare aliinunua mwaka 1597. Mmiliki wa baadaye, kasisi Francis Gastrell, mwaka 1756 aliukata mforosadi uliosemekana kupandwa na Shakespeare, kisha mwaka 1759 akaibomoa nyumba yenyewe. Leo ni bustani. Usiiruke! Pitia kwanza maonyesho ya Nash's House jirani, ndipo bustani itakapokuwa na maana.

Nyumba ya mkewe, Anne Hathaway, iko Shottery, kama kilomita 1.6 kutoka mjini. Njia ya miguu huchukua nusu saa; mvua ikinyesha vaa viatu vya kukanyagia tope. Ukoo wake ulikaa humo hadi karne ya 19, na Trust ikainunua mwaka 1892. Ndiyo maana baadhi ya samani, kile kitanda maarufu kikiwamo, zimetoka kwenye ukoo wenyewe. Inama milangoni, na ngazi zishuke polepole.

Ukienda Wilmcote kwenye shamba la Mary Arden, acha kitabu cha mwongozo cha zamani. Hadi mwaka 2000 wageni walionyeshwa nyumba ya jirani, Adam Palmer, kama ya Mary Arden. Nyaraka zikabainisha kwamba ya kweli ni Glebe Farm, iliyo karibu nayo.

Darasa la zamani linastahili tiketi yake. Inaaminika kijana huyu alisomea Kilatini pale, na aliyesoma tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya Juliasi Kaizari ataona mizizi ya Roma ile.

Kaburi liache mwisho. Liko mbele ya madhabahu, Holy Trinity, na bamba lake linamlaani atakayeihamisha mifupa. Kanisa bado linaendesha ibada, harusi na mazishi, na wakati huo wageni husubiri nje. Jumamosi na Jumapili uliza saa kabla hujatoka mjini.